Mbuzi Ambaye Mama Hakumchinja

Mdogo wangu alijikwaa mlangoni mwa mwalimu mkuu, ndoo ya maji ikamwagika yote. Kiangazi kile wanafunzi tulikuwa tukimfukulia maji mchangani, korongoni. Mashine ya kusaga ya mtu binafsi ilikuwa imefika kijijini, na mwalimu mkuu alikuwa na kipande cha mkanda wa mashine hiyo uliochakaa. Alimpiga nacho mgongoni na tumboni mbele yetu. Alipoanguka, akampiga teke ubavuni. Nilisikia mfupa.

Mama alimfuata mwalimu wetu wa darasa, akimtaka atoe taarifa polisi.

"Kwa utaratibu, mama, taarifa hutolewa na mkuu wa shule," alijibu akitazama chini.

"Huyo aliyempiga?"

"Ndiye huyo."

Jioni wazee wawili walileta beberu kwa niaba ya mwalimu mkuu. Kwetu Ugogoni, damu ya mbuzi wa faini ikishamwagika uani, jambo limekwisha. Atakayelipeleka polisi ndiye mkosaji. Baba akachukua kisu. Mama akakishika kwenye makali. Baba akamtwanga ngumi, mdomo ukapasuka, lakini hakuachia. Damu iliyomwagika uani ilikuwa yake.

Asubuhi baba mwenyewe ndiye aliyesukuma baiskeli kwenda hospitali, mdogo wangu nyuma, mimi nimemshikilia, Mama akitufuata. Alikuwa akitapika damu. Alifia njiani. Baba akataka kugeuza. Mama akambeba marehemu, akaendelea kwa miguu hadi kituo cha polisi, akamlaza juu ya meza ya askari.

"Hamkuyamaliza nyumbani, mama?" askari aliuliza.

"Mbuzi yuko hai. Andika."

Msibani baba mdogo alilalamika: "Shemeji, msiba gani huu wa mlenda mtupu? Na nyama inalia pale, inatusimanga."

"Mlenda hauhitaji meno, shemeji. Kula."

Wengine waliondoka na njaa yao, wakimsema. Mwalimu mkuu alikamatwa kabla hatujaanua tanga. Alifungwa. Walimu wengine walihama mmoja mmoja. Yule wa darasa letu hakuja kutuaga.

Yule beberu alizeeka kwetu, akafa kwa ugonjwa. Mama alimchimbia shimo, akamzika na ngozi yake. Kwetu mbuzi hazikwi. Majirani walisimama kwenye ua wa miiba wakicheka. Mama alisawazisha udongo kwa mguu, akachukua ndoo, akaenda korongoni.