Kabureta Juu ya Moshi

Sisi tuliokulia Butembo miaka ile hatukuhesabu vita kwa majina ya waliovipigana. Majina yalikuwa mengi, yalibadilika upesi, na mtu alichoka kuyashika. Nyumbani kwetu tulihesabu kwa gari. Kulikuwa na vita vya wakati Celica, gari la Papa, ina magurudumu, vita vya wakati haina, na vita vya wakati kabureta yake iko Mabalako. Hata leo Mama akitaka kukumbuka mdogo wangu wa mwisho alizaliwa lini, huanza kwanza kujiuliza milango ya gari ilikuwa wapi.

Kambale, mtoto wa mdogo wangu, ndiye aliyenirudisha huko. Juzi alinionyesha kwenye simu yake picha za magari ya mbio ya zamani ya Japani. Anasema huko ng'ambo kuna watu wanayatunza kama mayai, wanayafunika kwa kitambaa, na mvua ikinyesha hawayatoi nje. "Mama mukubwa, ni kweli mulikuwaka na moya ya hizi?" Nikamwambia ni kweli, na hata sisi tulilifunika. Akacheka. Nilichoka kabla sijaanza kumweleza, basi nawaandikia ninyi wa rika langu, ambao hamtacheka mahali pasipofaa.

Papa alikuwa fundi wa mizani. Wanunuzi wa kahawa wa Butembo na Beni wote walimjua, na mmoja wao, Mgiriki mzee, alipofunga ghala lake akaondoka nchini, alimwachia gari hilo badala ya malipo ya kazi yote aliyomfanyia. Lilikuwa na milango miwili na pua ndefu, jekundu kama buni iliyoiva. Lilikuwa fupi, tumbo linakaribia kugusa ardhi, na ardhi yenyewe mnaijua: barabara zetu enzi hizo zilikuwa na mashimo ambamo bata waliogelea bila wasiwasi.

Papa aliliendesha Jumapili tu, baada ya misa. Sisi watoto tulikunjwa kiti cha nyuma, magoti masikioni, katika harufu ya ngozi iliyopata jua na esansi, yaani petroli, na vumbi la kahawa ambalo halikuisha hata lifagiliwe vipi. Mbele ya kila shimo Papa alisimama, akashuka, akaliangalia shimo kama anayetaka kulinunua, kisha akapanda tena. Vijana wenye chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, walitupita na magunia yao ya kabichi wakitusalimia kwa heshima. Mama, aliyekaa mbele na kitambaa chake cha kichwa, alisema kila Jumapili maneno yaleyale.

"Gari ya mbio, na benye kwenda na miguu banafika mbele yetu."

"Mbio iko ndani ya moteri, Mama Masika," Papa alijibu. "Haina lazima itoke kila siku."

Masika ni mimi, mtoto wao wa kwanza.

Sasa, lazima niseme habari ya ahadi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima aliteseka hivyo kwa ajili ya chuma. Mama ni wa Mabalako, kule chini baada ya Beni, karibu na msitu. Alikuja Butembo kuolewa akiwa juu ya lori, amekaa juu ya magunia ya kahawa, mvua ikimpiga njia nzima. Alifika kwa wakwe zake gauni limelowa na kuchafuka, na shangazi mmoja akauliza kama huyo ndiye bibi arusi au ni mzigo. Papa hakusahau. Alipolipata gari, alimwahidi Mama kwamba siku moja atamrudisha kwao kusalimia, amekaa mbele, kioo kimeshushwa, watu wote wamwone. Mama alijifanya hajali. Lakini alikuwa na kitenge kimoja kipya cha kijani alichokikunja chini ya vingine, na tulipomuuliza atakivaa lini, alisema, "Siku ya kwenda kwetu."

Mwaka mmoja tairi lilikataa, mwaka uliofuata mvua ilikata barabara, halafu kukawa na msimu mkubwa wa kahawa na mizani yote ya mkoa ikaharibika pamoja. Halafu vita vikaja.

Wanajeshi, wawe wa upande gani, kitu cha kwanza walichotaka kilikuwa gari. Jirani yetu mwenye pikapu nzuri alichukuliwa yeye na pikapu yake kupeleka watu Beni. Yeye alirudi kwa miguu. Pikapu hatukuiona tena. Wiki hiyohiyo, sauti ya spana ilisikika katika nyua zote za mtaa wetu, maana watu wa Butembo wana akili yao: gari lililofunguliwa halina mwenyewe wala mwizi. Nani ataiba robo ya gari? Kila mtu alivunja lake vipandevipande, akavigawa kwa watu anaowaamini, mbalimbali, ili hata wakikamata kimoja wasipate kingine.

Magurudumu ya Celica yalienda kwa katekista, akayaweka nyuma ya magunia ya maharagwe. Milango ililala chini ya kitanda cha wazazi. Na kabureta, ambayo bila hiyo moteri haipati esansi na gari ni sanduku tu, Papa aliifunga katika kitambaa akaipeleka mbali kabisa, kwa mdogo wa Mama, tante Kavira, fundi wa kushona huko Mabalako. Tulidhani vita ni mambo ya mjini. Nani angeenda kupigania mashamba ya muhogo?

Mwili wa gari ulibaki uani, juu ya matofali, chini ya turubai, na kuku wakahamia humo. Ndimo tulimokulia. Tulienda Beni humo, tukaenda Oicha, tukafika Mabalako mara nyingi kuliko dereva yeyote wa kweli, mmoja akishika usukani, mwingine akipiga honi kwa mdomo, na mwenye zamu ya kuwa Mama akikaa mbele na kuinua kidevu. Watoto wa leo wana michezo ya magari kwenye simu, mbio mpaka macho yanauma. Sisi letu lilikuwa na mayai kwenye kiti cha nyuma, na aliyeyakalia alichapwa.

Asubuhi moja wanajeshi wakaingia, mmoja akainua turubai.

"Oyo motuka to ndako ya nsoso?" Ile ilikuwa Kilingala, na alitaka kujua kama hili ni gari au nyumba ya kuku.

"Ni nyumba ya kuku tu, chef," Papa akasema.

Basi wakachukua kuku. Papa alipiga mluzi siku nzima, na Mama, ambaye kuku walikuwa wake, hakumsemesha mpaka bugali ya jioni ilipokwisha kuliwa.

Papa aliendelea kulitunza gari lake hivyohivyo lilivyotawanyika. Kila barabara ilipotulia kidogo alichukua chupa ndogo ya oili na kitambaa, akaenda, kama alivyosema mwenyewe, kutembelea wagonjwa. Watu wakimkuta njiani waliuliza kwa adabu mgonjwa anaendeleaje, naye akajibu kwamba amelala lakini hajambo. Alipofika Mabalako mara ya kwanza, hakuikuta kabureta ndani ya sanduku alimoiacha. Tante Kavira aliitoa kwa sababu huko ni joto na unyevu, kila kitu kinaota ukungu. Akaiweka mahali ambapo kwao kitu cha thamani huwekwa kisioze: juu ya kichanja cha meko, kwenye moshi, kati ya mahindi ya mbegu na samaki wa kukausha. Ilikuwa nyeusi kama sufuria, na vitundu vyake vyote vimeziba masizi na mafuta ya samaki.

Papa alikaa siku nzima akiiosha kwa esansi, sindano ya tante Kavira mkononi, akimweleza taratibu kwamba chuma si samaki. Tante alimsikiliza, akaitikia kila neno. "Ndiyo, shemeji. Nimesikia, shemeji." Papa alipoondoka, akairudisha kwenye moshi. Hajawahi kuona kitu kilichokaa pale kikaoza, na shemeji yake ni mtu wa mizani tu.

Halafu vita vikashuka Mabalako.

Habari ilikuja na watu waliofika Beni kwa miguu, ikapanda mpaka kwetu Butembo. Nyumba zimechomwa, watu wametawanyika msituni, nani mzima nani hapana, hakuna aliyejua. Tulikuwa tunachambua maharagwe uani jirani alipotuletea. Papa alisimama akashika kichwa. Na neno lililomtoka, mbele yetu sote, lilikuwa hili: "Na kabureta?"

Mama aliweka ungo chini.

"Unauliza chuma," akasema. "Mudogo yangu hapana kumuuliza. Unauliza chuma."

Hakupandisha sauti. Namjua baba yangu, najua alimpenda shemeji yake na kwamba neno lilimponyoka kwa hofu tu. Lakini lilishatoka. Siku zilizofuata Mama alimwekea chakula na kuondoka. Papa alikuwa anakwenda kukaa ndani ya lile gari lisilo na milango, mvua ikipiga turubai, na sisi hatukuthubutu kwenda kucheza. Nyumba ilikuwa na baridi. Mpaka leo nikisikia watu wakisema habari mbaya huja upesi, nachoka. Zetu zilichelewa, na kungoja kule ndiko kulikotuzeesha.

Alifika mchana, ukungu wa Butembo haujaondoka vizuri. Tulimwona mwanamke mlangoni, miguu imevimba, mtoto mwenye homa mgongoni, mkono mmoja umemshikilia mtoto asidondoke. Mkono wa pili ulikumbatia kifurushi kifuani. Mama alikimbia, akamshika dada yake, wakakaa chini palepale kwenye matope. Kisha Mama akafungua kifurushi, akidhani ni nguo za mtoto. Harufu ya samaki wa moshi ikapanda.

Mama aligeuza kabureta nyeusi mikononi.

"Uliacha mashini ya kushona," akasema. "Mashini yako ya kula. Ukabeba hii?"

"Nilikuwa na mukono moya tu," tante Kavira akasema. Alisema kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Mashini ilikuwa yangu. Hii ni ya batu."

Papa alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliipokea kabureta kwa mikono miwili, akageuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia analia. Sikuwa nimewahi kumsikia.

Utulivu ulipokuja, ule tuliozoea kuuita amani kwa sababu hatukuwa na neno lingine, Papa alilikusanya gari. Katekista alileta magurudumu, milango ikatoka chini ya kitanda, mtaa mzima ukaja kuona. Moteri ilikohoa, ikakataa, ikakohoa, ikakubali, na moshi uliotoka nyuma ulinuka samaki wa Mabalako. Watu walicheka mpaka machozi. Mama aliingia ndani ya nyumba, akatoka amevaa kitenge cha kijani. Akakaa mbele, akashusha kioo. Tante Kavira, mtoto wake aliyekwisha kupona mapajani, alikunjwa nyuma pamoja nasi.

"Sasa tuende kwenu," Papa akasema.

"Kwetu kwa nani?" Mama akauliza. "Kule nani alibaki?"

Papa aliendesha hivyohivyo, mpaka mwisho wa mji, pale barabara inapoanza kuelekea Beni. Kulikuwa na kizuizi na wanajeshi wamekaa, na zaidi ya pale hakuna aliyepita. Alisimamisha gari. Mama aliangalia mbele kwa muda, upepo ukimpuliza kitambaa. Kisha Papa akageuza, na safari hii hakushuka kuangalia shimo hata moja.

Juma lile aliuza gari. Mfanyabiashara mmoja alilichukua likiwa zima, na jioni chukudu ikaleta kwetu mashini mpya ya kushona. Papa aliiweka mbele ya tante Kavira bila hotuba. Sare zetu zote za shule, mpaka nilipomaliza, zilitoka kwenye mashini ile, na nilipovaa sketi mpya Mama alisema nimevaa mlango wa kushoto.

Siku hizi Butembo imejaa magari. Kijana akinunua lake, picha zinafika kabla gari halijavuka mpaka wa Kasindi. Asiye nalo, hata kwenda dukani tu anapanda pikipiki mpaka mlangoni, na simu yake ameifunga kwa namba ambayo hata mama yake haijui. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba sisi tulimpa mtu roho ya gari letu akaiweke mbali tusikoona, na tulilala usingizi. Leo sijui ningempa nani kitu kama kile.

Na vita havikuisha, mnajua. Barabara ya kule inafunguka, inafunga, inafunguka, na sisi tumezeeka tukiuliza madereva. Tante Kavira tulimzika hapa Butembo. Mama hajarudi kwao hata mara moja. Mwezi uliopita nilikuwa uani kwa Papa na Mama, wazee wawili wanaota jua, Papa akasema wametangaza njia ya Mabalako ni nzuri kidogo, labda tutafute pikipiki mbili, twende polepole.

Mama hakugeuza kichwa.

"Pikipiki hapana," akasema. "Miye nitakaa mbele."