Pipa la Bluu Mtini

Mimi najisifu, sifichi. Kwetu Mitundu mtu mzima hufundishwa asijisifu, asubiri kusifiwa, lakini nimeshaona wengi waliosubiri mpaka wakazeeka. Kwa hiyo naanza mwenyewe: lile pipa la bluu tulilitengeneza mimi na baba, kwa mikono yetu, na hakuna duka lililotusaidia.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kipaimara. Mwaka ule nilitaka kupiga kitu changu mwenyewe, baba akirina asali. Baba ana mizinga ya magogo porini, mbali na nyumbani, na jioni moja alitangaza, tonge la ugali mkononi, kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho kupanda mti. Magoti yamekataa. Mizinga wataichukua binamu zangu. Mama akasema, "Afadhali." Mimi nikanawa mikono. Nimelelewa na asali ya mtu huyu, nimesomeshwa na asali ya mtu huyu, na sikuwa nimemwona hata siku moja akiwa juu. Nikasema safari hii naenda naye na kamera yangu. Nikiikosa hii, basi tena.

Tatizo lilikuwa mvua. Masika yalikuwa hayajaisha, lakini nyegere alikuwa ameanza kubomoa mizinga, na nyegere hasubiri mtu. Kwenye simu nilikuwa nimeona yale masanduku magumu wanayobebea vifaa vyao wapanda milima na watu wa mitumbwi. Unalitupa mtoni linaelea, gari linalikanyaga halipasuki. Bei yake niliitazama mara moja nikazima simu.

"Sanduku si tunatengeneza?" baba akasema, kana kwamba nimemwomba mwiko wa kusongea ugali.

Akatoa pipa dogo la plastiki nene, lenye mfuniko mpana na pete ya chuma ya kubana. Zamani lilikuwa la kuwekea asali, na mpira wa mfuniko ulikuwa umeshakatikakatika. Nikakata tyubu ya baiskeli, nikaizungusha mdomoni mwa pipa. Nikachukua godoro bovu nikachonga humo kitanda cha kamera na vishimo vya betri. Baba akayeyusha nta pamoja na mafuta kidogo ya alizeti ili isipasuke, akaipaka ukingo mzima. Mimi nilitaka ile gundi ya mafundi wa madirisha. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Binti yangu, nta inaziba mizinga tangu babu zetu hawajazaliwa. Hiyo gundi yako ina umri gani?"

Tuliweka gazeti ndani, tukalizamisha pipa kwenye tanki la maji, tukalikandamiza kwa mawe. Gazeti lilitoka likiwa kavu. Ohoo! Nilifunga pipa nyuma ya baiskeli nikapita nalo sokoni makusudi. Vijana wa bodaboda wakaniuliza, "Dada, unauza mafuta ya taa?" Nikawajibu, "Nauza wivu, mnataka lita ngapi?"

Tulilala porini, na kesho yake asubuhi baba alipanda. Nami nikapanda mti wa pembeni na kamera shingoni. Yale magoti yake yaliyokuwa yakilalamika nyumbani yalinyamaza kabisa. Alikwenda taratibu, kamba kiunoni, moshi mbele yake, akazungumza na nyuki kwa Kinyaturu, kwa upole ambao sisi watoto wake hatukuwahi kuupata. Akakata masega, akashusha ndoo kwa kamba, akashuka. Nilipata yote. Nikafuta machozi nikasingizia moshi.

Tukafungia kamera kwenye pipa. Baba akapaka nta mpya, akatazama siafu waliokuwa wakipita chini, akalitundika pipa juu ya tawi. Tukaenda kuangalia mizinga ya mbele.

Tuliporudi, pipa lilikuwa linavuma.

Rangi yake haikuonekana tena. Kundi zima la nyuki lilikuwa limelivaa kuanzia mfuniko mpaka kitako. Baba alisimama akalitazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Unacheka nini, baba? Kamera yangu imo humo!"

"Miaka yote hii mimi ni mfuga nyuki," akasema akijifuta macho. "Natundika kitu mtini, nakipaka nta, halafu nashangaa nyuki wamehamia. Nilitegemea waje popo?"

Mimi sikucheka. Nilinuna hasa. Alitafuta mzinga mtupu, akawafukizia moshi, akawahamisha kwa utaratibu wake wote, bila haraka, akiwaomba radhi kwa usumbufu. Ilichukua muda, na muda huo wingu lilikuwa linajaa upande wa tulikotoka. Tulipofika kwenye korongo tulilovuka jana yake asubuhi kwa kukunja suruali, lilikuwa mto, maji mekundu yanayobeba matawi.

Tungesubiri. Najua. Lakini giza lilikuwa linakuja, na maji yalikuwa bado ya kiunoni. Baba alitangulia na baiskeli tuliyokuja nayo, mimi nikafuata nikilivuta pipa kwa kamba, likielea vizuri. Katikati mguu wangu ukateleza. Nikaachia. Pipa likazunguka mara moja na kwenda zake.

Nilipiga yowe kama nimefiwa. Nikatoka ng'ambo, nikakaa kwenye tope, nikasema basi, imekwisha, hatapanda tena na mimi sina hata picha moja ya kuonyesha mtu. Niliponyanyua kichwa, baba hakuwepo. Alikuwa anakimbia kando ya maji. Mzee yule, na magoti yale, anakimbia! Nikamfuata nikimwita arudi.

Tulilikuta limenaswa kwenye mizizi ya mti uliolala, linagongwa na maji, linajigonga kwenye jiwe. Tulilivuta pamoja. Lilikuwa limekwaruzwa kila mahali. Mikono yangu haikuweza kufungua ile pete, akafungua yeye. Nta ilitoka kwa ukaidi. Nikaingiza mkono mpaka chini ya godoro. Kavu. Nikanusa, ikanuka asali. Nikawasha kamera, ikawaka, na mtu wangu alikuwa humo, juu ya mti wake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nikaunganisha kamera na televisheni ya sebuleni. Mama alitazama huku amefunika mdomo kwa khanga, maana miaka yote hiyo hata yeye hakuwahi kumwona baba akiwa juu, alikuwa akiona ndoo tu zikiingia nyumbani. Binamu zangu wakashangilia alipofika kwenye tawi la juu. Baba alikaa, mikono juu ya magoti. Ilipoisha, akaniambia nirudishe video nyuma.

"Wapi, baba? Unapopanda?"

"Kupanda kila kijana anapanda. Rudisha ninaposhuka."

Nikarudisha. Tukamtazama akishuka, mguu baada ya mguu, mpaka kisigino kikagusa ardhi.

"Nimeshuka vizuri," akasema. "Miaka yote hiyo sikuanguka."