Lorne Pankiw, Mpiganaji Mwenye Adabu

Hapa Wexmoor hakuna mtu mpole kama Lorne Pankiw, na yeye ndiye tuliyempa kazi ya kupiga watu.

Siku za shule anaendesha basi la wanafunzi. Mtoto akimpiga mwenzake humo, anakaa kiti cha mbele wiki nzima, kimya. Jumamosi Lorne anavaa jezi ya timu yetu ya hoki ya barafu, anatupa glavu chini na kumvunja mtu pua mbele ya watoto walewale, nao wanagonga kioo kinachozunguka uwanja wakiliita jina lake.

Kuteleza kwenyewe kwenye barafu hajui. Mimi nauza matrekta yaliyotumika, na sijauza hata moja linalokata kona vibaya kama yeye. Bao hajafunga miaka sita. Lakini ngumi zake zinajaza uwanja, na mimi ambaye bango langu la biashara liko ukutani pale sijawahi kulalamika.

Tena anapigana kwa ustaarabu. Anamsogelea mpinzani na kumuuliza, "Vipi, tucheze?" Mwenzake akisema bega linauma, anamwachia: "Pole, basi siku nyingine." Wakikubaliana, kila mmoja anavua kofia yake ngumu ili mwenzake asiumie vidole. Vidole, bwana! Vichwa havikuwemo kwenye mapatano.

Mteja wake mkubwa alikuwa Garth Umbach, fundi bomba anayechezea timu ya mji jirani wa Dunrae. Wamechapana miaka tisa, na kila kiangazi wanavua samaki pamoja.

Januari walipigana kipindi cha kwanza, wakatumikia adhabu ya kukaa nje dakika tano, kila mtu kwenye kibanda chake. Walipotoka, Garth akamjia akitabasamu.

"Vipi Lorne, leo tucheze?"

"Tumeshacheza, Garth."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hiyo damu kwenye jezi yako ni ya nani?"

Garth akaitazama jezi kana kwamba ameazimwa. Sisi tuliokaa karibu na kioo tukacheka. Tulidhani ni utani.

Februari ligi ikauliza kila klabu: anayepigana atolewe uwanjani na akose mechi inayofuata, ndiyo au hapana? Tukakutana Jumapili ukumbini, sahani za perogi, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, zikiwa bado mezani. Ndiyo ikishinda, Lorne hana nafasi tena kwenye timu. Kila mtu alilijua hilo.

Kocha Delmar Fehr akaanza. "Ngumi ndizo zinazowalinda wachezaji wetu. Lorne akiwepo, nani atathubutu kuwagusa?"

"Na Lorne analindwa na nani?" akauliza mama yake Lorne, Bi Olga, kutoka dirisha la jikoni. "Na wewe, na hiyo filimbi yako?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Lorne akasimama.

"Mimi nasema tuache. Garth hakumbuki mambo." Akaketi.

"Mnauona moyo wake?" Delmar akadakia. "Yuko tayari kujitoa ili sisi tusigombane! Jamani, mtu kama huyu tumtupe?"

Hapana ilishinda kwa mikono thelathini na mmoja dhidi ya minne. Mmoja wa hiyo thelathini na mmoja ulikuwa wangu. Bango lilikuwa na mkataba hadi Machi. Watu wakapanga foleni kumpa Lorne mkono. "Usiwe na wasiwasi, kaka. Tumekutetea."

Jumamosi iliyofuata Dunrae wakaja.

"Tucheze?" akauliza Garth.

"Hapana."

"Bega?"

"Bega zima. Sitaki tu, Garth."

Garth akasubiri, glavu moja imeshaanguka. Uwanja ukaanza kuzomea. "Mwoga! Nenda kaendeshe basi lako!" Delmar akapanda juu ya benchi. "Lorne! Tumekupigia kura, wewe unatufanyia hivi?"

"Niliwaambia tuache," akajibu Lorne. Akaokota ile glavu, akamvisha mwenzake, kisha akamshika kiwiko na kumgeuza taratibu, maana Garth alikuwa ameanza kuelekea kwenye benchi letu.

Jumatatu jina la Lorne likaondolewa kwenye orodha ya timu. Hana moyo wa timu, alisema kocha. Jumanne Delmar akanipigia simu.

"Wewe unakutana na wakulima wengi. Humjui mmoja mwenye ngumi nzito?"

Nikampa majina mawili.