Walii wa Mejumaa

Taib alikuwa shemeji yangu, na hata nikimlaumu, namlaumu kwa mapenzi. Alimwacha dada yangu kwa hasira, akatoka nyumbani kwetu Kuze, kisha akaona haya kurudi. Kazi ya bandarini ikamponyoka, chumba cha kupanga nacho kikafuata, na kufikia mwaka wa tisini na nne alikuwa akilala Makupa, kwenye baraza ya duka la magunia. Alichopata kwa kupakua malori alikipeleka sinema, kwenye picha za Kihindi.

Laiti angeishia kutazama tu. Taib aliziamini. Katika zile picha, mtu anayelala barabarani ana meno meupe, hakohoi wala hanuki, na jamaa zake hawana kazi ila kumkumbuka. Siku ya arusi hutokea mlangoni na matambara yake, ngoma zikanyamaza, bibi arusi akamtambua, wote wakalia, yakaisha. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi miaka yote. Uongo mtupu! Mwenyewe nimeulilia uongo huo, lakini mimi nikitoka sinema nilikuwa na kwangu pa kulala.

Basi binti yake, Mejumaa, akaposwa. Jumatano nikamfuata baba mtu Makupa.

"Shemeji, mwanao aolewa Ijumaa baada ya alasiri, msikitini Kibokoni. Walii ni wewe. Huna ndugu wa kiume, na mimi mjomba siwezi kumuoza. Twende nyumbani sasa, ukoge, unyolewe, ukae na watu."

"Sasa siji," akasema, macho yakimng'aa. "Ntakuja siku yenyewe, watu wakishajaa. Nataka Mejumaa anione niingiapo."

"Akuone wapi? Bibi arusi hakai msikitini!"

Hakunisikia. Mtu mzima, aliyeoa kwa nikaha hiyo hiyo, alisahau kwamba kwetu bibi arusi hukaa nyumbani na wanawake, na kwamba nikaha ni maneno machache tu, halafu kahawa na halua.

Ijumaa tulimngoja. Kadhi alikuwa na nikaha nyingine ya kuwahi. Akauliza, "Walii yuko wapi?" Nikasema yuaja. Akauliza tena. Nikatoka nje, nikaangaza njia nzima, nisimwone. Kumbe amejibanza kwenye ukumbi wa nyumba ya pili, angoja wakati wake. Mwishowe kadhi alimuoza yeye mwenyewe, kama sheria inavyomruhusu walii asipopatikana. Taib aliingia sinia za halua zikipitishwa. Hakuna aliyelia. Mzee mmoja alimsogezea kikombe cha kahawa, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote.

Hadi leo moyo waniuma nikikumbuka alivyokipokea.

Nikamchukua hadi nyumbani. Dada yangu hakumtukana. Alimtilia maji ya kuoga, akamtolea kanzu. Kisha Mejumaa akatoka chumbani, hina mikononi, akambusu baba yake mkono.

"Kadhi alituma watu kuja kuniuliza idhini, baba," alisema polepole. "Nikawambia, babangu yuko, mngojeni. Wakaja tena, nikawambia, mngojeni. Mara ya tatu nikanyamaza."

Na kwetu mwari akinyamaza, huhesabiwa ameridhia. Wakaenda zao, wakamuoza.