Lengalenga ya Baridi

Harufu ya tindikali kutoka kiwanda cha Shituru ilipoanza kupungua, hatukushukuru, tulishtuka. Hewa safi ilimaanisha kiwanda kimelala, na mshahara wa baba umelala nacho. Likasi nzima, mji wetu, ikaanza kulima nyuma ya nyumba, na kila mtu akaanza kumchungulia jirani: sufuria ya nani inatoa mvuke, na amepata wapi?

Mbegu za lengalenga, yaani mchicha, tulipewa na Mama Ngalula wa nyumba ya pili. Miaka yote mbegu zake ziliota upesi. Mwaka ule alichelewa kupanda, na lengalenga yake ikakomaa kando ya kijito katikati ya kipupwe, baridi ikikata vidole. Mvua ilipofika, mama yangu alimwaga mbegu zile kwenye tuta zima. Halikutoka hata jani. Tulikula bukari, ugali wetu, kwa chumvi, na mama akawa analikodolea tuta macho kama mtu aliyeibiwa.

"Alizichemusha," alisema. "Iko anatucheka."

Alilisema tena bombani, mbele ya wanawake wote. Mama Ngalula akaja mlangoni kwetu, uso umemshuka.

"Mama Ilunga, ungoye kidogo. Hata zangu zingali zinalala."

Mama alimjibu kwa msonyo.

Haukupita muda, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaanza kufukuzwa mjini, naye alikuwa mmoja wao. Kabla ya kwenda stesheni kungoja treni, alituletea cherehani yake, iliyokuwa ikimlishia watoto, akaomba tumtunzie. Mama aliizunguka, akaikagua hadi chini ya meza yake. Nani anajua ameweka nini humo, alisema, akakataa. Jioni ile ile, nyumba yake ikiwa tupu, cherehani ilibebwa na watu tunaowafahamu.

Mvua za mwaka uliofuata, tuta ambalo hakuna aliyeligusa likajaa lengalenga. Mama aliuliza kwanza ni nani aliyekuja kupanda kwa siri. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo.

Leo mimi mwenyewe nalima, na najua kwamba mbegu iliyokomaa mmea mama ukiwa kwenye baridi yaweza kulala muda mrefu kuliko ya majira ya joto. Mama, mzee sasa, humwuliza kila muuzaji sokoni mbegu zake zilikomaa majira gani. Wanamcheka. Lakini mtaa wa nyuma kuna cherehani kuukuu inayolia hadi leo, na mama akiisikia hufunga dirisha.