Kidonge Kwenye Pindo la Mtandio

Mjukuu wangu wa kike alikuwa darasa la pili, nakaa naye mimi hapa Mji Mkongwe, maana mama yake kazi ya hoteli haimpi nafasi. Anakula, lakini hanenepi. Tumbo limemtangulia, miguu kama vijiti vya mishkaki, na mwalimu wake ananambia anasinzia darasani. Siku moja akashuka ngazini midomo myeupe. Kumbe anabandua chokaa ya ukuta anaitafuna. Mtoto akianza kula ukuta, sisi wazee tunajua tumboni hayuko peke yake.

Kwa hivyo niliposikia shule watagawa dawa ya minyoo nikashukuru. Lakini ilikuwa mfunguo mosi, Ramadhani ndiyo imekwisha, nami nafunga siku sita zangu za sunna, na yeye kashikilia kufunga na mimi. Wenzake wa chuo cha Kurani wanashindana nani kafunga nyingi. Asubuhi nikamwambia, "Leo kula, mwanangu, utapewa dawa." Akajitanda mtandio, akatoka mbio.

Adhuhuri akarudi.

"Dawa umepewa?"

"Naam, bibi."

"Umeitafuna?"

Akafungua fundo kwenye pindo la mtandio. Kidonge hicho, kizima, kimehifadhiwa kama kipini cha dhahabu.

"Nimefunga. Mwalimu alipogeuka nikakificha, nikile magharibi."

"Na hiyo chokaa kwenye meno?"

"Ukuta si chakula, bibi."

Nikacheka mpaka jirani akachungulia. Lakini macho ya mtoto yameshaingia ndani, anayumba, na magharibi iko mbali. Nikampigia simu mwalimu. Akasema, "Mpe hicho hicho, bibi. Ale, kisha akitafune mbele yako."

Nikamwambia mjukuu wangu funga ya sunna inafunguliwa, na yeye mtoto, hana dhambi. Machozi yakamtoka. "Nifungue peke yangu? Wewe umefunga, mimi nile?"

Nikapakua wali, dagaa wa nazi na mchicha, sinia moja. Nikamuosha mikono kwa sabuni, kucha moja moja, kisha nikaosha yangu.

"Bismillahi," nikasema, nikatia tonge mdomoni mwangu kwanza.

Akanitazama. Akala. Kidonge akakitafuna amekunja uso, akafungua mdomo nihakikishe, akaomba ukoko.

Ile siku niliyofungua niliilipa wiki ya pili yake. Sikumwamsha daku. Alipoamka nikamwekea uji, nikakaa karibu yake akinywa.