Uzi Umerudi

Fundi wa magitaa wa mtaani kwetu hana salamu nyingine ila "Umerudi?" na wala hakuulizi wewe, anauuliza uzi. Mezani ana magitaa mawili ya umeme. Moja lina mkono wa kutikisia sauti wenye springi ndefu zilizofichwa tumboni, jingine mkono wa springi moja fupi kama ya kalamu, na tangu juzi anaishindanisha mikono hiyo kama majogoo. Anabonyeza, uzi unalegea, sauti inayumba kama mlevi anayetafuta mlango, anaachia, kisha analaza sikio kwenye mbao na kuinua kidole kuninyamazisha mimi, mteja wake. "Umerudi?" Uzi ukirudi palepale ulipoanzia, anaupapasa. Usiporudi, anausonya.

Jana mkewe, aliyekuwa amehamia kwa dada yake kwa kuchoka kutosikilizwa, alisimama mlangoni na begi. Fundi, macho kayafumba, sikio kwenye mbao, akauliza kwa upole, "Umerudi?"

"Nimerudi," mkewe akajibu, machozi yakimlenga.

"Umepungua kidogo."

Mkewe akajishika kiuno, akajitazama. "Kumbe huwa unaniangalia!" Akapita ndani na begi lake, anacheka peke yake. Fundi, macho bado kayafumba, akaukaza uzi kidogo.

Baadaye kidogo fundi akainua kichwa kwa hasira. "Nani anagonga vyombo huko jikoni?"

"Shemeji," nikamjibu. "Amerudi."

Akainua kile kidole chake, akafumba macho, akasikiliza sufuria mpaka mfuniko wa mwisho.

"Palepale," akasema.